Nimebadilisha SFP (moduli ya kutoa na kupokea mwanga wa faiba) ruta ikiwa hai. Linki imepanda, lakini mchana makosa ya CRC (data inayofika imeharibika) yanamiminika. Nimekosea wapi?

#1 Kijana wa Ngamiani
Wakuu, salaam.
Nina linki ya 10G, faiba ya kilomita 7, kutoka chumba chetu cha mitambo hapa Tanga mjini (niite A) hadi kituo cha pili (B). Moduli ni LR (aina ya kilomita 10) za nanomita 1310 pande zote mbili. Wiki mbili zilizopita moduli ya A ilianza kuchoka: mkondo wa leza unapanda siku hadi siku huku mwanga ukibaki palepale, mwisho ruta ikatoa onyo.

Jumanne mchana nikabadilisha. Poti sikuizima, maana kila mtu anasema SFP huchomolewa na kuchomekwa moto moto. Nikavuta moduli na pachi kodi yake (waya mfupi wa faiba), nikahamisha kodi kwenye moduli mpya, nikachomeka. Linki ikapanda ndani ya sekunde chache, nikafurahi, nikaondoka.

Namba sasa. Zamani B walikuwa wanapokea −6.4 dBm kutoka kwangu (dBm ni nguvu ya mwanga; ikishuka zaidi chini ya sifuri, mwanga umefifia). Sasa wanapokea −13.1. Mimi napokea kutoka kwao −6.7, zamani −6.5, kwa hiyo upande huo uko salama. Tx (mwanga unaotoka) ya moduli mpya inasoma −2.3, ya zamani ilikuwa −2.0. Usiku makosa ya CRC huko B ni sifuri. Kuanzia saa 5 asubuhi hadi saa 10 jioni yanakuja kwa maelfu.

Bosi anasema nimeiua moduli kwa kutozima poti. Je, ni kweli? Na kama si kweli, nini kimetokea? Linki hii inabeba hospitali na shule kadhaa, sitaki kubahatisha tena.

#2 Mzee wa Raki
Kijana, bosi wako amechanganya mambo mawili.

Tazama ule mkia wa dhahabu wa SFP. Vidole vyake havilingani urefu. Vya ardhi vinatangulia kugusa, kisha vya umeme, mwisho vya data. Vilikatwa hivyo makusudi ili moduli iingie kwenye mtambo ulio hai bila kuungua. Kwa hiyo moduli haifi kwa sababu poti ilikuwa wazi.

Lakini poti huzimwa kwa sababu nyingine. Ukizima, leza ya upande wako inanyamaza, macho yako yako salama, na ruta inahamisha trafiki kwa adabu badala ya kushtukizwa. Kuzima poti kunaokoa wateja na macho. Bosi amekosea sababu, ila agizo lake ni sahihi.

#3 Kikuyu Kaskazini
Mzee #2 nakuheshimu, ila umeruka jambo. Mleta uzi hajasema kama alivaa kamba ya mkononi. Mimi niko Dodoma. Kiangazi hapa ukivua sweta unasikia linavyolia. Binadamu anaanza kuuhisi umeme tuli ukiwa umeshafika kama volti 3,000, na kuna vipande ndani ya moduli vinavyojeruhiwa na volti chini ya 100. Maana yake unaweza kuiumiza na usihisi chochote.

Na umeme tuli hauui papo hapo kila mara. Unajeruhi. Moduli inawaka, inafanya kazi, halafu inaanza kukosea ikipata joto. Si ndiyo hadithi yake hii? Mchana makosa, usiku kimya.

#4 Mwana wa Kisauni
@Kikuyu Kaskazini, hiyo ni Dodoma ndugu yangu. Tanga ni kama kwetu Mombasa, hewa imejaa maji, nguo hazikauki. Umeme tuli upo lakini haujai hivyo. Sisi adui yetu ni chumvi na kutu.

Mimi nasema ni uchafu. Amevuta moduli kodi ikiwa imo, kisha amehamisha kodi mkononi katikati ya chumba. Utaratibu tuliofundishwa: kodi kwanza, zifunike ncha zake, funika moduli, ndipo uvute moduli. Mpya nayo usiifunue mpaka imekaa ndani ya poti. Yeye aligeuza yote.

Swali kwa mleta uzi: ncha ulizisafisha na nini?

#5 Kijana wa Ngamiani
Asanteni. Kamba sikuvaa. Ncha nilizipangusa kwa kitambaa cha miwani. Kilikuwa kisafi.

#6 Dada wa Splaisi
Kitambaa cha miwani! Mdogo wangu, hicho kina mafuta ya uso wako ya mwezi mzima.

Ngoja niweke hesabu mezani, kisha wengine mbishane.

Kilomita 7 kwa 1310 ni kama 0.35 dB kwa kilomita, jumla 2.45. Weka konekta nne za 0.5 kila moja, 2 dB. Ukitoka na −2.0 unafika na −6.45 hivi. Wewe ulikuwa unafika na −6.4. Linki yako ilikuwa nzuri kabisa, hakuna kitu kilichofichika njiani. Sasa umefika −13.1. Zimepotea 6.7 dB, yaani B wanapata chini ya robo ya mwanga wa zamani. LR kwa kanuni inavumilia hadi −14.4. Umebakiza 1.3 dB tu kabla ya ukingo. Linki iliyokaa ukingoni hivyo, chochote kinaitikisa.

Halafu angalia: njia ya kuja kwako haijaguswa. Nyuzi mbili zimo kwenye kebo moja, zinapita nguzo zilezile. Kama kebo ingekuwa imebanwa au imevutwa, kuna uwezekano mkubwa zote mbili zingelia. Inayolia ni moja, na ni ile uliyoigusa Jumanne.

Kuna kitu wengi hawakijui kuhusu ile namba ya Tx. Moduli haipimi mwanga uliotoka nje. Inapima kwa kijicho kilichomo ndani, karibu na leza, kabla mwanga haujafika kwenye mdomo wa konekta. Hata ukiziba mdomo kwa lami, Tx itaendelea kusoma −2.3. Na vipimo hivyo kwa kanuni yake ya SFF-8472 vinaruhusiwa kukosea hadi 3 dB juu au chini. Kwa hiyo usijifariji na Tx.

Kiini cha faiba ya single mode kina mikroni 9. Unywele wako ni mara saba, nane, hata kumi ya hapo. Punje moja ya vumbi usiyoiona kwa macho inatosha kukaa katikati na kuziba mwanga. Ukipangusa na kitambaa kikavu unaisukuma kutoka pembeni kuileta katikati. Ukichomeka, unaisaga kati ya feruli mbili (ncha za konekta), inachimba kioo, na hapo kusafisha hakusaidii tena.

Pata kalamu ya kusafishia konekta za LC, ile ya kubofya, au kitambaa kisicho na nyuzi na alkoholi ya asilimia 99, kisha kausha. Safisha pande zote: ncha ya kodi, mdomo wa moduli, na adapta ya ODF (paneli ya kuunganishia faiba). Angalia kwa hadubini kwanza, safisha, angalia tena, ndipo uchomeke.

#7 Mpita Njia 88
Njia rahisi, mkuu: washa kamera ya simu, ielekeze kwenye mdomo wa SFP. Ukiona nuru ya zambarau, leza ni nzima. Mimi hufanya hivyo kila siku, sinunui mapawa mita (vipima mwanga) ya bei.

#8 Mzee wa Raki
@Mpita Njia 88, hapana. Hiyo hufanya kazi kwa SR (moduli za masafa mafupi) za nanomita 850, na hata hapo si simu zote, kwa sababu kamera nyingi za nyuma zina kichujio. Kwa 1310 na 1550 kamera ya simu haioni kitu, kioo chake cha silikoni hakihisi mwanga kupita karibu 1100. Ukimwambia kijana aitumie kwa LR, ataona giza na kudhani leza imekufa, kumbe inamulika usoni mwake.

#9 Dada wa Splaisi
Nakazia #8. Macho hayaoni 1310 wala 1550, kwa hiyo hayafumbi. Moduli hizi nyingi ni leza za daraja la 1, kwa matumizi ya kawaida zina usalama, lakini fundi mwenye hadubini ya kutazama moja kwa moja kwa jicho anaikusanya miale yote na kuimimina ndani. Na kwenye ODF hujui uzi wa jirani umetoka wapi. Unaweza kuwa na kikuza mwanga upande wa pili. Tumia hadubini ya skrini. Pima kwa pawa mita kwanza, ukiona hakuna mwanga ndipo ufungue.

Na miwani ya kinga wakati wa kukata faiba, siyo kwa ajili ya leza bali vile vipande vya kioo. Nilimsindikiza mwenzangu kwa daktari wa macho kwa sababu ya kipande kimoja. Sikutamani kuona vile tena.

#10 Mpita Njia 88
Nimeelewa. Asante Mzee, asante Dada. Sikujua hilo la 1310.

#11 Duka la Msimbazi
Mnamsumbua kijana bure. Moduli kainunua wapi? Hapa Kariakoo zinaingia zenye lebo nzuri na ndani hamna kitu. Mtu anaandika chochote anachotaka kwenye kumbukumbu ya moduli: jina la kampuni, urefu wa wimbi, namba ya mfululizo. Ruta inasoma inachosomewa. Mimi nauza za watengenezaji wa pembeni, naziandika wazi kuwa ni za pembeni, na zinafanya kazi. Tatizo ni zile za kudanganya.

#12 Mwana wa Kisauni
Wa Msimbazi kaja kutafuta wateja 😀

Lakini ana hoja. Luthuli kule Nairobi ni hivyohivyo. Mimi nikipokea moduli mpya huilaza kwenye ruta ya majaribio saa 24 kabla haijaenda popote. Naangalia joto, mkondo wa leza, na kama namba za mfululizo za moduli mbili hazifanani! Niliwahi kupata kumi zenye namba moja.

#13 Kijana wa Ngamiani
Moduli ni ya pembeni, ruta iliikubali bila amri yoyote ya ziada. Lebo na kumbukumbu vyote vinasema LR 1310 kilomita 10. Kalamu ya kusafishia nimeazima, leo usiku nazima poti na kusafisha kila kitu. Nitaleta majibu.

#14 Mlinzi wa Poti
Kabla hujaenda tena, naomba nikuambie jinsi ya kuzima, kwa sababu hapo ndipo watu wanaua mtandao, siyo kwenye moduli.

Nafanya kazi data senta Nairobi. Mwaka fulani mwenzetu alitumwa kubadilisha moduli ya poti 23. Kwenye swichi ile poti za namba shufwa ziko chini na witiri juu, na lebo iko katikati ya safu. Akavuta ya chini yake. Ilikuwa linki ya uti wa mgongo. Hakuna aliyekosa ujuzi pale, kilichokosekana ni dakika moja ya kuhakikisha.

Tangu siku ile mimi hufanya hivi. Napandisha gharama ya OSPF pande zote mbili ili ruta zichague njia nyingine, au kama ni BGP (zote mbili ni itifaki za kuchagua njia) natumia ule utaratibu wa kujiondoa kwa upole wa RFC 8326 ya mwaka 2018. Nakaa natazama trafiki ikishuka hadi karibu na sifuri. Haishuki? Basi hakuna njia mbadala na naacha kazi mpaka tujue kwa nini. Ikishuka nazima poti, kisha nampigia wa upande wa pili: "Umepoteza mwanga?" Akisema Rx yake (mwanga anaopokea) imeshuka hadi −40, najua nimeshika waya sahihi. Ndipo mkono unakwenda kwenye raki. Na hata hapo naangalia taa ya poti kama imezimika kabla ya kugusa kikono.

Kama unaingia kwenye ruta kupitia linki hiyohiyo unayoizima, tafuta njia nyingine ya kuingilia kwanza. Kwenye Juniper tumia commit confirmed, usipothibitisha ndani ya dakika 10 inarudisha ilivyokuwa.

#15 Fundi Mwanafunzi
Naomba kuuliza wakubwa. Mimi moduli ilikataa kutoka kabisa. Nimevuta kile kikono cha waya mpaka kikapinda. Inatokaje?

#16 Mzee wa Raki
Isukume ndani kwanza. Kidogo tu, hadi ukisikia imegonga. Hapo lile jino linaachia, kisha shusha kikono na uvute moja kwa moja bila kuyumbisha. Ukivuta kwa nguvu bila kusukuma, jino linakaza zaidi. Wala usitumie bisibisi kwenye kizimba, ukipinda vile vijibawa vya chuma poti nzima imekwenda na kadi yake.

Na kwenye kuingiza: swichi nyingi zenye safu mbili, moduli za chini huingia kifudifudi, tumbo kwa tumbo na za juu. Ikigoma, igeuze. Usiilazimishe.

#17 Kikuyu Kaskazini
Na kama ni QSFP (ndugu wakubwa wa SFP) za 100G zilizofanya kazi siku nzima, shika ile ulimi wa plastiki, siyo chuma. Nilishika mwili wake nikaiachia ikaanguka sakafuni.

#18 Kijana wa Ngamiani
Nimerudi. Saa 7 usiku nilipandisha gharama, trafiki ikahama (asante #14, njia mbadala ipo na inatosha), nikazima poti, B wakasema −40. Nikasafisha kodi, moduli na adapta ya ODF. Hadubini nimeazima pamoja na kalamu. Ncha ya Tx ilikuwa na doa kubwa kama ramani, nimeshtuka. Baada ya kubofya mara mbili limetoka, limebaki mkwaruzo mmoja mwembamba nje ya kiini.

B sasa wanapokea −9.8.

Leo mchana CRC zimepungua sana, lakini hazijaisha. Kati ya saa 7 na saa 9 mchana zimekuja 40 na ushee.

#19 Mwana wa Kisauni
3.3 dB zimerudi! Zaidi ya mara mbili ya mwanga. Nilisema ni uchafu.

#20 Kikuyu Kaskazini
Umesema, lakini hujamaliza. Bado zinakosekana 3.4. Na kwa −9.8 moduli ya LR haitakiwi kukosea hata biti moja inayoonekana. Ana 4.6 dB za akiba. Kama ni mwanga tu, makosa yangekwisha. Kuna kitu kingine kinachoumwa na joto.

#21 Dada wa Splaisi
Rangi ya konekta ya ODF tafadhali. Kijani au bluu? Mtu akichomeka kodi ya bluu kwenye adapta ya kijani, ile ya kijani imekatwa mshazari digrii 8, zinaacha pengo na mwanga unarudi nyuma. Nimeliona sana tangu mafundi wa nyumba kwa nyumba waanze kuingia kwenye vyumba vya mitambo na kodi zao za kijani.

#22 Kijana wa Ngamiani
Bluu kwa bluu, dada. Kodi ni ileile ya zamani, LC upande wa ruta, SC upande wa ODF.

#23 Dada wa Splaisi
Basi siyo hiyo. Angalia kodi inavyopita kwenye mlango wa kabati. Ulivyoitoa na kuirudisha huenda uzi wa Tx umejitenga na mwenzake ukabanwa na bawaba. Mlango ukifungwa mchana na kufunguliwa usiku na mafundi... nauliza tu.

#24 Mswahili wa Muscat
Salaam kutoka Oman. Joto la moduli linasomaje? Huku makabati ya nje tunayajua vizuri. Moduli ya kawaida imeandikwa 0 hadi 70 selsiasi, na hiyo ni joto la mwili wake, siyo la chumba. Za viwandani zinakwenda −40 hadi 85. Ukiwa kwenye ruta andika show interfaces diagnostics optics au ya kwenu inayofanana, utoe namba za saa 8 mchana na za saa 8 usiku.

#25 Kijana wa Ngamiani
Mchana 69. Usiku 48. Nimetazama grafu za moduli ya zamani, mchana ilikuwa inafika 57.

#26 Mswahili wa Muscat
Mashallah, hapo tuna jambo. Poti ileile, chumba kilekile, tofauti ya selsiasi 12. Ama moduli yako mpya inakula umeme mwingi, ama haipitishi joto kwenye kizimba, ama kipimo chake kinadanganya. Leza ikipata joto inahitaji mkondo zaidi kutoa mwanga uleule, na umbo la mawimbi linaharibika. Mwanga unafika wa kutosha lakini mpokeaji hawezi kutofautisha sifuri na moja. Hilo dBm haikuonyeshi.

Jirani zake kwenye poti ni nani? Kuna SFP za shaba (za waya wa shaba badala ya faiba) za 10G karibu? Hizo zinachemka vibaya, zinampasha mwenzake. Na poti tupu mmeziziba?

#27 Kijana wa Ngamiani
Duh. Ipo moja ya shaba poti ya pembeni yake kabisa. Iliwekwa mwezi huu.

#28 Duka la Msimbazi
Hiyo hapo. Ya zamani ilikuwa inachoka kwa sababu hiyohiyo, na mpya itachoka. Hamisha ile ya shaba.

#29 Mzee wa Raki
Pole pole. Kama ya shaba iliwekwa mwezi huu na ya zamani ilikuwa 57 mpaka siku inatolewa, basi ya shaba peke yake haielezi 69. Kijana, tarehe kamili?

#30 Kijana wa Ngamiani
Ya shaba iliwekwa siku tatu kabla ya kubadilisha. Siku hizo tatu ya zamani ilifika 59, 60.

#31 Mzee wa Raki
Kwa hiyo ya shaba imeongeza selsiasi mbili tatu. Zilizobaki ni za moduli yenyewe au za kiyoyozi. Mimi naegemea moduli.

#32 Kikuyu Kaskazini
Nami narudi palepale: imejeruhiwa na umeme tuli siku ya kwanza. Inakula mkondo mwingi kuliko inavyostahili. Linganisha mkondo wa leza na ule wa B.

#33 Mwana wa Kisauni
Hatujamwangalia B. Sote tunadhani mgonjwa ni A. Je, kama jicho la kupokelea la B ndilo limechoka, au mdomo wake una chumvi? Rx yake nayo inaruhusiwa kukosea 3 dB. Huenda zile 3.4 ni kipimo tu.

Nilishaona mpokeaji aliyeumizwa. Tulipewa jozi ya ZR za kilomita 80, kijana akaziunganisha mezani kwa kodi ya mita moja ajaribu. ZR inatoa 0 hadi +4 dBm, na jicho lake halivumilii zaidi ya −7. Hakuweka atenyueta (kipunguza mwanga). Moja ilikufa palepale, nyingine iliendelea kuishi lakini ikawa inakosea kila ikipata joto. Tuliihangaikia mwezi mzima tukilaumu faiba.

#34 Kijana wa Ngamiani
Linki hii haijawahi kuwa na ZR, zote LR. LR kwa LR hata kwa kodi fupi haiumizani, sivyo?

#35 Mwana wa Kisauni
Ndivyo, haiumizani. LR inatoa mwisho +0.5 na inapokea mwisho +0.5. Hapo uko salama. Ninachosema ni kwamba B naye apimwe.

#36 Mlinzi wa Poti
Kuna jaribio la kumaliza ubishi, au angalau kuupunguza. Badilishaneni nyuzi pande zote mbili kwa wakati mmoja: uzi uliokuwa Tx ya A uwe Rx yake, na B afanye hivyohivyo. Upungufu ukihamia upande wa pili, yaani wewe sasa ndiye unapokea vibaya, mgonjwa ni uzi au konekta zake. Ukibaki kwa B, mgonjwa ni moduli ya A au jicho la B. Kisha pawa mita: pima kwa kodi fupi safi moja kwa moja kutoka mdomo wa moduli ya A. Namba ya Tx tumeshaambiwa haiaminiki, pawa mita ndiyo yenye neno.

Na msirushe OTDR (kipima faiba kwa mipigo ya mwanga) kwenye uzi huo kabla hamjachomoa moduli pande zote mbili. Mpigo wa OTDR unaweza kuliunguza jicho la B, na moduli hai itakuchafulia picha.

#37 Fundi Mwanafunzi
Naomba kuuliza nje ya mada. 100G nayo ni hivihivi? Sisi tulibadilisha moduli, mwanga mzuri pande zote, linki haipandi.

#38 Mlinzi wa Poti
Mlibadilisha aina? SR4 inahitaji RS-FEC (usahihishaji wa makosa ya data), LR4 haihitaji. Upande mmoja ukiwa na FEC na mwingine hauna, mwanga utauona na linki hutaiona. Fungua uzi wako, tutakuja. Hapa tumwache kijana kwanza.

#39 Mpita Njia 88
Kiswahili chake ni nini hasa, transiva au moduli? Mimi nasema "jicho".

#40 Dada wa Splaisi
Fundi wangu wa kwanza, Mungu amrehemu, alikuwa anaita "kipaza mwanga". Sisi tunasema SFP hata ikiwa QSFP. Jicho ni zuri, ila lina jicho la kutoa na la kupokea, tutachanganyana.

#41 Kijana wa Ngamiani
Wakuu, mkondo wa leza: yangu miliampea 52 mchana, ya B 34. Namwonyesha bosi uzi huu wote.

Nimeomba muda wa matengenezo Jumamosi saa 10 alfajiri hadi saa 12. Mwenzangu atakuwa B na kalamu na hadubini. Tutabadilishana nyuzi kama alivyosema #36, nitapima mdomo wa moduli kwa pawa mita, nitahamisha ile ya shaba mbali, na kodi nitaipitisha upande usio na bawaba. Kamba ya mkononi nimepata.

#42 Mzee wa Raki
Usifanye yote kwa pamoja. Moja, pima, andika. La pili, pima, andika. Ukibadilisha manne kwa mkupuo linki ikapona, hutajua nani alikuwa mgonjwa, na mwezi ujao utarudi hapa.

#43 Kikuyu Kaskazini
52 kwa 34! Umeme tuli huo.

#44 Mswahili wa Muscat
Au moduli mbovu tangu kiwandani. Au watengenezaji wawili tofauti, kila mmoja na leza yake. Usiikate shauri bado.

#45 Kijana wa Ngamiani
Sawa Mzee, moja moja. Ombi la mwisho: kuna mtu Tanga ana LR ya 10G ya viwandani ya kuazima? Nataka iwepo mkononi Jumamosi kama hii itaonekana mbovu.

#46 Bandari Salama
Nimekuwa nasoma kimya. Ninayo moja, niko Chumbageni. Ya −40 hadi 85, haijafunguliwa, vifuniko vyake vyote vipo. Njoo na mfuko wa kuzuia umeme tuli, usiitie mfukoni mwa suruali.

#47 Kijana wa Ngamiani
Nashukuru sana kaka. Nakuja kesho baada ya Alasiri, na mfuko nitakuwa nao.